Ahadi ya Nafuu kwa Kampuni za Nje: Ikivunjwa, Nani Analipa?

Leo tunaliweka jembe kando kidogo, tukae chini ya mwembe tuzungumze juu ya jambo linaloanzia mbali, katika ofisi za wakubwa na mabaraza ya ng'ambo, lakini mwisho wake ukafika mpaka kwenye heka zako tatu za miwa au za mahindi.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali zinapotaka kampuni za nje zije kuwekeza, huzipa nafuu. Pamoja na nafuu hizo iko mikataba baina ya nchi na nchi ya kulinda mali ya wawekezaji. Mambo hayo mawili yanapokutana, ahadi iliyotolewa leo kwa maneno mazuri huweza kuwa deni kubwa baada ya miaka 10.

Labda utauliza, "Mimi mkulima mdogo yananihusu nini hayo?" Yanakuhusu kwa njia tatu. Kwanza, deni la Serikali hulipwa kwa fedha za wananchi, na wewe ni mwananchi. Pili, mara nyingi kinachoahidiwa ni ardhi, na ardhi ndiyo maisha yako. Tatu, kampuni hiyo huenda ndiyo itakayonunua mazao yako. Basi twende polepole.

Nafuu ni kitu gani?

Nafuu, au vivutio kama wanavyosema maofisa, ni kitu chochote ambacho Serikali inampunguzia au inampa mwekezaji ili aje. Inaweza kuwa kusamehewa ushuru wa forodha kwa mashine na malighafi. Inaweza kuwa kutolipa kodi ya mapato kwa miaka kadhaa. Hapa kwetu, kwa mfano, sheria ya mwaka 2002 ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ilitoa msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Inaweza pia kuwa ardhi kwa bei ndogo, barabara mpaka mlangoni, au maji ya mto.

Kutoa nafuu si dhambi. Hata wewe ukitaka fundi mzuri aje kijijini kwenu, utampa nyumba ya kulala. Shida haiko katika kutoa. Shida iko katika kuahidi bila kupima, na kubadili bila kufuata utaratibu.

Mfano wa shamba la bondeni

Tuseme wewe una shamba bondeni, limejaa magugu na visiki. Anakuja mtu unamwambia, "Lima hapa miaka 10, sitakudai kodi hata senti moja. Lakini uchimbe mfereji, ung'oe visiki, upande miembe. Na ukishafaidi, usiondoke. Kwa kila mwaka utakaokaa bure, utalitunza shamba hili miaka miwili."

Yule mtu anakubali. Anauza ng'ombe wake, anachimba mfereji, anapanda miembe. Mwaka wa sita, miembe imeanza kuzaa, unakwenda kumwambia, "Ndugu yangu, mambo yamebadilika. Kuanzia mwezi ujao unalipa kodi. Na lile sharti la kutoondoka liko palepale."

Je, wazee wa kijiji watasemaje? Wapo watakaosema shamba ni lako, una haki. Wapo watakaosema huyu mtu alitumia mali yake kwa sababu ya neno lako. Na karibu wote watakubaliana kwamba kumwondolea faida huku ukimbakishia mzigo si haki. Shika mfano huu, maana mbele tutakutana na nchi nzima iliyofanya hivyo.

Mkataba wa mataifa unaingilia wapi?

Nchi mbili hukaa zikatia sahihi mkataba. Kila moja huahidi kwamba wananchi na kampuni za nchi nyingine wakiwekeza kwake, itawatendea kwa haki, haitawabagua, na haitachukua mali yao bila fidia. Mkataba wa kwanza wa namna hii ulitiwa sahihi mwaka 1959 kati ya Ujerumani ya Magharibi na Pakistani. Tanzania nayo ilitia sahihi mkataba na Ujerumani ya Magharibi mwaka 1965, na mingine ikafuata: Uingereza mwaka 1994, Uswidi mwaka 1999, Kanada mwaka 2013. Leo duniani imeshaandikwa zaidi ya 2,500.

Nguvu ya mikataba hii iko katika kifungu kimoja. Kampuni ikiona imeonewa, inaruhusiwa kuishitaki Serikali yenyewe, si mbele ya mahakama za nchi hiyo, bali mbele ya baraza la waamuzi wa kimataifa. Kwa kawaida waamuzi huwa watatu: mmoja huchaguliwa na kampuni, mmoja na Serikali, na mwenyekiti kwa makubaliano. Kesi nyingi hupelekwa kwenye kituo cha Benki ya Dunia kilichoko Washington, kinachojulikana kwa jina la ICSID, kilichoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1965. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 1992.

Hukumu ya baraza hilo haina rufani ya kawaida. Iko njia nyembamba tu ya kuomba ifutwe. Na nchi zote zilizomo katika mkataba huo zinatakiwa kuitambua kama hukumu ya mwisho. Kwa hiyo Serikali ikikawia kulipa, mdai anaweza kwenda nchi nyingine kutafuta mali ya biashara ya Serikali hiyo ili aikamate.

Hapa lazima utofautishe vitu vitatu, maana watu huvichanganya. Kuna sheria ya nchi, ambayo Bunge linaweza kuibadili. Kuna mkataba wa Serikali na kampuni, ambao pande mbili hizo ndizo zinazofungwa. Na kuna mkataba wa nchi na nchi, ambao Bunge la nchi moja haliwezi kuufuta peke yake kwa usiku mmoja. Nafuu huandikwa katika sheria au katika mkataba wa kampuni. Lakini ikishatolewa, mkataba wa nchi na nchi huisimamia kwa nyuma, kama nguzo inavyoshika paa ambalo wewe uliye nje huoni limeshikwa na nini.

Kisa cha Romania

Sasa tuone mambo yalivyotokea kweli. Romania ni nchi ya mashariki ya Ulaya. Mwaka 1998 Serikali yake ilitoa amri ya kuinua mikoa iliyokuwa nyuma kimaendeleo. Atakayejenga kiwanda huko aliahidiwa asilipe ushuru wa mashine wala wa malighafi, na asamehewe kodi ya faida. Eneo moja, la Ștei-Nucet katika wilaya ya Bihor, lilipewa nafuu hizo kwa miaka 10, kuanzia Aprili 1999 mpaka Aprili 2009.

Ndugu wawili wa ukoo wa Micula, wenye uraia wa Uswidi, walijenga viwanda vya vyakula na vinywaji katika eneo hilo. Faida yao kubwa ilikuwa kuingiza malighafi bila ushuru, na mojawapo ilikuwa sukari. Lakini walitakiwa kuendeleza viwanda hivyo kwa muda mara mbili ya ule waliofaidi nafuu. Umeona? Ni kama yule mtu wetu wa bondeni.

Wakati huohuo Romania ilikuwa inaomba kuingia katika Umoja wa Ulaya. Umoja huo una sheria zake, na ukaiambia: nafuu hizi haziruhusiwi, ziondoe. Februari 2005 Romania ikaziondoa nyingi kati ya nafuu zile, miaka minne kabla ya muda. Tarehe 1 Januari 2007 ikaingia katika Umoja.

Ndugu wale wakashitaki kwa kutumia mkataba wa Romania na Uswidi. Desemba 2013 baraza la waamuzi, kwa kura za wengi na si za wote, likatoa hukumu. Lilikubali kwamba Romania ilikuwa na sababu ya maana ya kuondoa nafuu. Lakini lilisema ilikosea katika mambo matatu. Iliwafanya watu waamini kwamba nafuu zitadumu miaka 10, wakajenga kwa imani hiyo. Iliondoa faida huku ikibakisha masharti juu ya wawekezaji. Tena haikuwaambia mapema kwamba nafuu zitakoma kabla ya muda.

Romania ikaamriwa kulipa lei milioni 376, fedha ya kwao, pamoja na riba. Kati ya hizo, lei milioni 255 na ushee zilikuwa za faida iliyopotea, na lei milioni 18 zilikuwa kwa sababu viwanda vilikosa nafasi ya kuweka akiba ya sukari isiyolipiwa ushuru. Riba ikapanda mpaka deni likazidi mara mbili.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2015 Tume ya Ulaya ikaamua kwamba kulipa fidia hiyo ni sawa na kurudisha nafuu zilezile kwa mlango wa nyuma, na Romania ikaamriwa idai kurudishiwa chochote ilicholipa. Baraza linasema lipa, Tume inasema usilipe. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo zinazoumia, na nyasi hapa walikuwa walipa kodi wa Romania. Kesi zikazunguka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi.

Funzo ni nini? Si kwamba Serikali haiwezi kabisa kuondoa nafuu. Inaweza. Lakini namna ya kuiondoa, na maneno yaliyotumika wakati wa kuitoa, ndiyo yanayoamua kama itadaiwa au haitadaiwa.

Kisa cha kwetu: miwa ya Bagamoyo

Hebu turudi nyumbani. Kampuni kutoka Uswidi ilitaka kulima miwa na kujenga kiwanda cha sukari Bagamoyo, katika ardhi iliyokuwa ranchi ya Razaba. Mwaka 2013 ikapewa hati ya zaidi ya hekta 20,000. Wakulima wa vijiji vya jirani waliambiwa wataingia katika mpango wa kulima miwa na kuiuzia kiwanda. Wapo waliofurahi, na wapo waliolalamika kwamba wataondolewa mahali wanapoishi na kulima.

Mradi ukachelewa. Yakazuka maswali juu ya mpaka wa Hifadhi ya Saadani na maji ya mto Wami. Mwaka 2016 Serikali ikausimamisha na kuirudisha ardhi mikononi mwake. Mwaka 2017 kampuni ikaishitaki Tanzania huko Washington kwa kutumia ule mkataba wa mwaka 1999 na Uswidi. Aprili 2022 baraza likaamua Tanzania ilipe kiasi cha dola milioni 165, yaani karibu shilingi bilioni 380 kwa thamani ya wakati huo. Mwishoni mwa mwaka huo ndege moja ya Shirika la Ndege la Tanzania ikazuiwa Uholanzi kwa ajili ya deni hilo.

Ndugu mkulima, tazama vizuri. Hapa kivutio kilikuwa ardhi. Maswali ya hifadhi na ya maji yalikuwa maswali ya haki kabisa. Mto haukuanza kutiririka mwaka 2016, na wanyama wa Saadani walikuwepo. Maswali hayo yangepasa kuulizwa na kujibiwa kabla hati haijatolewa. Ukiuliza baada ya hati, gharama ya swali inakuwa kubwa sana. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini hapa mchukuzi ni wewe mlipa kodi na mzigo haukupungua.

Wala usisahau yule mkulima wa kijiji cha jirani. Aliyeahidiwa soko la miwa hakuwa na mkataba wa mataifa wa kumlinda. Mwekezaji alikuwa na baraza la kwenda. Mkulima hakuwa na pa kwenda ila nyumbani.

Si kila kosa hulipiwa

Isije ikaonekana kwamba kampuni hushinda kila mara. Mwaka 2003 kampuni iitwayo City Water ilipewa kazi ya kuendesha maji ya Dar es Salaam. Kazi ikaenda vibaya, na mwaka 2005 Serikali ikaukatisha mkataba na kuitoa kampuni. Wenye kampuni, Biwater Gauff, wakashitaki kwa mkataba wa Uingereza na Tanzania.

Julai 2008 baraza likasema Serikali ilivunja mkataba wa mataifa kwa namna ilivyoitoa kampuni hiyo. Lakini fidia? Hakuna hata senti. Waamuzi waliona kwamba kampuni ilikuwa imekwisha kupoteza thamani kwa makosa yake yenyewe. Huwezi kudai fidia ya ng'ombe aliyekwisha kufa kabla mwizi hajafika zizini.

Katika kesi hiyo kulikuwa na jambo jingine la maana. Mwaka 2007 vyama vya kiraia, vikiwamo vya hapa nchini vya sheria, mazingira na wanawake, viliruhusiwa kupeleka maoni yao ya maandishi mbele ya baraza. Kwa hiyo mwananchi hana kiti ndani, lakini mlango haukufungwa kabisa.

Serikali ikitaka kuwapendelea wakulima wake

Sasa linakuja swali ambalo wengi wenu mnalo moyoni. Je, Serikali haiwezi kusema, "Tunakupa nafuu ya kodi, lakini ununue miwa ya wakulima wetu"? Jibu linapatikana Meksiko.

Meksiko ina wakulima wengi wa miwa. Kwa mkataba wa biashara wa Amerika ya Kaskazini ulioanza mwaka 1994, walitegemea kuuza sukari nyingi Marekani. Meksiko ikalalamika kwamba Marekani haikufungua soko kama ilivyoahidi, na huku sukari ya majimaji ya mahindi, inayotengenezwa na kampuni za Kimarekani, ikaingia katika soda za Meksiko na kuondoa sukari ya miwa. Januari 2002 Meksiko ikaweka kodi ya asilimia 20 juu ya soda zote zisizotiwa sukari ya miwa. Yaani ukitumia sukari ya miwa, umesamehewa. Ukitumia ya mahindi, lipa.

Kampuni za Kimarekani zikashitaki katika kesi tatu. Kodi iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2007, lakini Meksiko iliamriwa kulipa kiasi cha dola milioni 33.5 katika kesi ya kwanza, milioni 58.4 katika ya pili, na milioni 77.3 katika ya tatu. Waamuzi walisema huo ulikuwa ubaguzi. Katika kesi ya kwanza na ya tatu walisema pia kwamba haifai kutoa nafuu kwa sharti la kutumia bidhaa ya nchini. Sheria za Shirika la Biashara Duniani, tangu mwaka 1995, nazo zinakataza sharti la namna hiyo, ingawa nchi maskini zaidi zilipewa muda wa kujirekebisha.

Usikate tamaa kwa kusikia hivyo. Mkataba ukiandikwa kwa akili, nafasi hubaki. Mkataba wa mwaka 1987 kati ya Uingereza na Jamaika, kwa mfano, uliruhusu nchi kuwapa wananchi wake peke yao nafuu maalumu za kuanzisha viwanda vyao, ilimradi zisiwaumize sana wawekezaji wa upande wa pili. Meksiko haikuwa na nafasi hiyo katika mkataba wake.

Je, Serikali imefungwa mikono?

Haikufungwa. Ziko njia, na nchi nyingi zimeanza kuzifuata.

Njia ya kwanza ni kuandika mkataba wa mataifa kwa uangalifu. Mkataba wa mwaka 2016 kati ya Umoja wa Ulaya na Kanada unasema wazi kwamba nchi ikiacha kutoa ruzuku, hilo peke yake si kuvunja mkataba, isipokuwa kama ilikuwa imeahidi kwa sheria au kwa mkataba kwamba itaendelea kuitoa. Hayo ndiyo mafunzo ya Romania yaliyoingizwa kwenye karatasi.

Njia ya pili ni kuandika nafuu yenyewe kwa uangalifu. Nafuu isemwe ni ya muda gani, inaondolewa kwa sababu zipi, na mwekezaji asipotimiza wajibu wake inakoma lini. Ahadi ya miaka 10 isiyo na masharti ni kama kamba ndefu ya mbuzi. Itafika mpaka kwenye mihogo ya jirani.

Njia ya tatu ni kuvunja mkataba wa zamani au kuujadili upya. Tanzania iliumaliza mkataba wake na Uholanzi tarehe 1 Aprili 2019. Lakini angalia: mkataba huo ulikuwa na kifungu cha kusema kwamba mali iliyowekezwa kabla ya siku hiyo italindwa kwa miaka 15 zaidi, yaani mpaka mwaka 2034. Mti umekatwa, kivuli kimebaki.

Njia ya nne ni rahisi kuliko zote, nayo ni kutotegemea misamaha ya kodi kuwa chambo. Mwenye kiwanda cha sukari hutazama kwanza barabara, umeme, maji na miwa ya kutosha. Barabara ikijengwa, hata mwekezaji akiondoka, wewe utapitisha mazao yako. Msamaha wa kodi akiondoka nao, hakuna kitakachobaki.

Mwekezaji akija kijijini kwenu

Mpaka hapa tumezungumza mambo ya Serikali. Sasa ni zamu yako. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haiwezi kutolewa kwa ajili ya mwekezaji bila jambo hilo kufikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano wenu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri, lakini lazima azingatie mapendekezo yenu. Kwa hiyo siku ya mkutano usiende shamba. Nenda ukaulize haya:

1. Anayekuja ni nani, na kampuni yake imeandikishwa nchi gani? Ukijua nchi, ofisa wa wilaya anaweza kukuelezeni kama kuna mkataba wa mataifa nyuma yake.

2. Ameahidiwa nini na Serikali, na kwa muda gani? Ahadi ya siri ndiyo huzaa ugomvi.

3. Mipaka imepimwa? Maji ya kumwagilia yatatoka wapi, na wakati wa kiangazi kijiji kitabaki na maji gani? Swali la maji liulizwe kabla ya sahihi.

4. Ardhi ikishahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, itarudi kwenu mradi ukishindwa? Haijirudishi yenyewe. Jibu mlitake kwa maandishi.

5. Kama ameahidi kununua mazao yenu, yuko tayari kutia sahihi mkataba na chama chenu cha ushirika, wenye bei au namna ya kupanga bei, kipimo, siku ya kulipa, na fidia akishindwa kununua? Tumeona huko Meksiko kwamba Serikali huweza kuzuiwa kumlazimisha. Lakini mkataba aliotia sahihi mwenyewe na ushirika wenu ni makubaliano ya muuzaji na mnunuzi, na unaweza kumdai kwa huo. Kwa hiyo msingoje Serikali iwawekee sharti. Jiwekeeni wenyewe.

6. Majibu yote yameandikwa katika muhtasari wa mkutano, na nakala imebaki kijijini? Maneno ya jukwaani hupeperuka. Karatasi hukaa.

Mkiuliza hivyo, msidhani mnamfukuza mtu. Mwekezaji wa kweli hufurahi kuulizwa mapema, maana naye hataki kupoteza mali yake. Anayekasirika kwa maswali ni yule aliyetaka kupita harakaharaka.

Mambo ya kukumbuka

Nafuu kwa kampuni ya nje ni ahadi, na ahadi ikishawafanya watu watumie mali yao, kuivunja kuna gharama. Mkataba wa nchi na nchi humpa mwekezaji njia ya kuidai Serikali nje ya nchi, na deni hulipwa kwa kodi za wananchi. Serikali inaweza kubadili mambo, lakini ibadili mapema, wazi, na kwa usawa, isiondoe faida na kubakisha mzigo. Maswali ya ardhi, mipaka na maji huulizwa kabla ya hati. Na wewe mkulima, ambaye huna baraza la kimataifa la kukulinda, ulinzi wako ni mkutano mkuu wa kijiji, ushirika wenye nguvu, na karatasi yenye sahihi.

Msomee na jirani asiyejua kusoma. Kaeni katika kikundi chenu, mjadili, na mambo msiyoelewa muulizeni Bwana Shamba au ofisa ardhi wa wilaya. Na akija mgeni mwenye gari jipya na ahadi nyingi, mpeni kiti na maji ya kunywa, kisha mumwulize swali la kwanza.

Kwaherini, na mvua ziwe njema.